Ukubwa wa Kampuni Si Kosa la Ushindani
Imani kwamba Sheria ya Ushindani ya Tanzania Bara ya mwaka 2003 inakataza kampuni kuwa kubwa imedumu miongoni mwa wafanyabiashara, lakini haina msingi. Kampuni huhesabiwa kuwa imehodhi soko pale tu inaposhika sehemu ya soko hilo inayozidi kiwango kilichowekwa na sheria na kuwa na uwezo wa kubana ushindani kwa faida yake. Hata hapo, kinachokatazwa ni kuitumia nafasi hiyo kuwaumiza wengine. Naona hatari zaidi iko kwa wadogo wanaojiona salama: washindani wanaopatana bei, wanaosusia msambazaji kwa pamoja au wanaopanga nani ashinde zabuni wanavunja sheria hiyohiyo, hata kama maduka yao ni madogo.