Geuza ringi uone mgongo wake: kutambua magurudumu ya kiwandani kwenye pikapu za zamani

Nikiitwa kukagua pikapu ya zamani, naanzia uvunguni, kwenye tairi la akiba. Yale manne yanayoonekana yamepita mikono mingi: yamepigwa rangi, yameuzwa, yameazimwa, yamerudi mengine. La akiba limelala chini miaka na miaka likila tope, wala hakuna anayelitamani. Ndiyo maana mara nyingi ndilo pekee lililotoka kiwandani na gari lenyewe. Lishushe, lisugue kwa brashi ya waya, kisha ulilinganishe na wenzake.

Sura ya ringi hudanganya. Ukweli umegongwa kwenye chuma, karibu na tundu la valvu, katikati ya matundu ya nati, au upande wa ndani unaotazama breki. Ukikuta 15x6JJ, 15 ni kipenyo kwa inchi, 6 ni upana, na JJ ni umbo la ukingo unaoshika tairi. Upana huo hupimwa pale tairi linapokalia, kwa ndani. Anayepima kutoka ncha ya nje hadi ncha ya nje hupata karibu inchi moja zaidi, kisha anaapa kwamba ringi yake si ya kiwandani, kumbe ndiyo yenyewe.

Kuna alama moja ninayoitafuta kabla ya zote: DOT, kifupi cha Idara ya Usafirishaji ya Marekani. Sheria ya Marekani ya nusu ya pili ya miaka ya 1970 ilitaka ringi za magari ya mizigo zigongwe herufi hizo pamoja na saizi, alama ya mtengenezaji na tarehe. Niliwahi kuonyeshwa Ford F-100 ya 1969 ambayo mwenyewe aliamini kwa moyo wote kwamba haijawahi kubadilishwa ringi. Saizi ilikuwa sawa, matundu yalikuwa sawa, hata rangi ilikuwa imechakaa kwa namna ya kupendeza. Tulipozifungua tukakuta DOT kwenye zote nne. Zilikuwa ringi halali za gari la aina ile, ila zilitengenezwa miaka kadhaa baada ya gari lenyewe kutoka kiwandani. Tofauti hiyo naisisitiza sana, kwa sababu wauzaji huichanganya: ringi inaweza kuwa ya asili kwa modeli na bado isiwe ya asili kwa gari lako. Iliyozaliwa na gari huwa na tarehe inayotangulia kidogo tarehe ya gari kuundwa, kamwe haiifuati.

Kwa Ford, namba za vipuri husaidia ukijua kuzisoma. Herufi ya kwanza ni muongo: C ni miaka ya 1960, D ya 1970, E ya 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka, na T inayokuja baadaye ni ya malori na pikapu. Kwa hiyo C9T ni kitu cha pikapu kilichobuniwa kwa ajili ya 1969. Katikati ya namba, 1007 ni ringi na 1130 ni kofia ya gurudumu. Kumbuka tu kwamba huo ni mwaka wa ubunifu. Kipuri kilekile kiliweza kuendelea kutengenezwa kwa miaka mingi bila namba kubadilika. Kwa Toyota, namba ya ringi huanza na 42611, na ya kofia ya katikati huanza na 42603.

Matundu ya nati nayo yana habari zake. Ford za nusu tani, yaani daraja la pikapu nyepesi, zilibaki na matundu matano kwenye duara (mduara unaopita katikati ya matundu yote) lenye kipenyo cha milimita 139.7 tangu 1948 hadi 1996, kwa hiyo hapo hayakupi mwaka. Chevrolet ni hadithi nyingine kabisa. Pikapu zao za nusu tani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee zilikuwa na matundu sita hadi 1970. Mwaka 1971, breki za diski zilipoingia mbele, yakawa matano kwenye duara la milimita 127. Zinazosukumwa na magurudumu yote manne zikabaki na sita. Ukiona C10, yaani pikapu ya Chevrolet ya nusu tani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ya 1968 ina matundu matano, shida haipo kwenye ringi tu, maana mtu amebadilisha habu (kitovu ambacho ringi hufungwa juu yake) au ekseli nzima. Kupima duara la matundu matano, chukua umbali wa kati hadi kati wa matundu mawili jirani, zidisha kwa 1.701. Milimita 82 hivi zinakupeleka kwenye 139.7, na karibu 75 kwenye 127.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ni suala la uhai. Pikapu nyingi za Marekani za daraja la robo tatu ya tani, zito kuliko za nusu tani, zilitoka na ringi za inchi 16.5. Usikubali mtu akupandishie tairi la inchi 16 juu yake. Linaweza kuingia, lakini ukingo wa tairi unaokaa kwenye ringi haulingani na mteremko wa ringi hiyo, na likijazwa upepo linaweza kupasuka na kumuua fundi.

Kofia naziacha mwisho, maana haziamuliwi bila ringi. Ile ndogo ya katikati mara nyingi hushikwa na vinundu au vibanio vilivyo kwenye ringi, na ile inayofunika gurudumu zima hung'ata ukingo kwa meno yake. Ringi isiyo na vinundu wala vibanio haikuwahi kuvaa kofia ndogo ya aina hiyo, hata muuzaji akuhakikishie vipi. Ivue kofia utazame chini yake: kofia iliyokaa miongo mingi huacha duara la rangi isiyopigwa jua, na mikwaruzo mizee pale hasa ukingo wake unapogusa. Kisha igeuze. Za kuigiza nyingi hutengenezwa kwa bati jepesi, mkunjo wa ukingo ni mwembamba, na mgongo wake hung'aa kama jana. Ya zamani ina kutu na vumbi lililogandamana kwenye mikunjo, na midomo ya bisibisi imeacha alama upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa kuwa kila aliyebadilisha tairi aliipenyeza pale palipolegea.