Tofauti za kijeni katika kinga ya mwili na homa ya ini sugu

Mwaka 1994 iligundulika huko Ireland kwamba baadhi ya kina mama wenye damu ya Rh hasi walichomwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, sindano za anti-D (dawa ya kuzuia kinga ya mama isishambulie damu ya mtoto tumboni) zenye virusi vya homa ya ini C. Uchunguzi uliofuata uliwapata wanawake 704 walioonyesha kuwa waliwahi kuambukizwa. Lakini ni 390 tu waliokuwa bado na virusi kwenye damu. Wengine miili yao ilivifagia bila dawa yoyote.

Kwa nini wengine walipona na wengine hawakupona? Sehemu ya jibu iko kwenye jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Sote tuna jeni za kinga, ila hazikuandikwa sawa: herufi moja ya DNA hubadilika huku, nyingine hupungua kule. Hizo ndizo tofauti za kijeni. Kundi la HLA, ambalo huonyesha vipande vya virusi juu ya seli ili seli za kinga zivitambue, lina tofauti nyingi ajabu. Miongoni mwa wanawake hao wa Ireland, wenye aina ya HLA-B27 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvitokomeza virusi.

Kisa cha IFNL4, jeni iliyoelezwa mwaka 2013, kinashangaza zaidi. Kwa baadhi ya watu kuna badiliko dogo la herufi linalouwezesha mwili kutengeneza interferoni lamda 4. Interferoni kazi yake ni kupambana na virusi, kwa hiyo ungetarajia wenye nayo wapone upesi. Wapi! Wao ndio ambao virusi vya C huwaganda zaidi, hadi ugonjwa ukavuka miezi sita na kuitwa sugu. Aina hiyo ya jeni imeenea sana Afrika na ni nadra Asia Mashariki. Inaeleza kwa sehemu kwa nini tiba ya zamani ya interferoni na ribavirini haikuwasaidia Wamarekani weusi kama ilivyowasaidia wengine.

Hata hivyo jeni huongeza au kupunguza uwezekano tu. Vidonge vya sasa vya homa ya ini C huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, hata wenye jeni isiyowapendelea. Kwa homa ya ini B, tofauti za HLA-DP zina mchango, lakini umri wa kuambukizwa una uzito zaidi: watoto wachanga takribani 9 kati ya 10 hubaki na virusi, watu wazima hawafiki 5 kati ya 100. Ndiyo maana chanjo ya kwanza hushauriwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.