Kura ya maoni si utafiti wa maoni

Jana baada ya Laasiri, kwenye baraza letu hapa Ngamiani, kijana mmoja aliinua simu juu ya finjani za kahawa akatangaza: "Wazee wangu, kura ya maoni imetoka. Wengi hawataki." Kilichotoka ni swali lililotupwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, unabonyeza ndiyo au hapana, basi. Wiki hii hii nimeshalisikia neno hilo redioni likitumiwa vivyo hivyo, na mgombea mmoja naye amelitamka hadharani. Sasa naona nilisemee.

Maana yenyewe ni fupi. Katika kura ya maoni, wapiga kura wote huitwa vituoni kujibu swali moja la nchi, na kwa kawaida jibu lao ndilo linalofuatwa. Wazanzibari walipiga yao tarehe 31 Julai 2010, karibu theluthi mbili wakakubali, na serikali ya umoja wa kitaifa ikaundwa. Wakenya walipitisha katiba yao kwa njia hiyo tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Sisi Watanzania tuliahidiwa ya katiba mpya tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Utafiti wa maoni ni kuwauliza watu wachache ili kukadiria wengi wana mawazo gani, na matokeo yake hayamfungi mtu. Zile kura za maoni za ndani ya vyama, za kupendekeza wagombea, ni jambo la tatu. Siziingilii, maana kule angalau kura hupigwa kweli.

Ninalotaka kulieleza hasa ni neno "kura". Limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake halikuwa na uhusiano wowote na kuchagua. Kupiga kura kulikuwa kuacha kuchagua, ukaiachia bahati. Nabii Yunus alipokuwa chomboni na bahari imechafuka, wenzake hawakujadiliana nani atoswe. Walipiga kura, ikamwangukia yeye. Na kina mama wa upatu hapa Tanga bado wanalitumia neno hivyo. Nimekaa ukumbini nikamtazama marehemu mama yangu akikata karatasi ya daftari, anaandika namba, anakunja vijikaratasi vidogo kama punje za mahindi, anavitia kwenye bakuli na kulifunika kwa kanga. Kisha huitwa mtoto asiyejua nani ana shida ya pesa mwezi huo, ndiye anayeingiza mkono. Anayetokewa na namba moja hasemwi kwamba ameshinda. Wanasema kura imemwangukia.

"Maoni" ni letu, kutoka kuona. "Rai", tuliyoazima Uarabuni, nayo kwao inatoka kwenye kuona vilevile. Mtu akitoa maoni anasema jambo analionaje kutoka pale alipokaa, na aliyekaa mahali pengine huliona vingine.

Sasa rudi kwenye utafiti. Mle ndani kura imo, tena ile ya zamani kabisa, ya bakuli na kanga. Anayeipiga ni mtafiti, na anaipiga kabla hajauliza swali hata moja, ili apatikane wa kuulizwa. Afrobarometer, ambao wamekuwa wakiuliza Watanzania tangu 2001, hupata maeneo kwa kura, kisha mdodosaji anahesabu nyumba kwa mpangilio aliopewa, hajiendei tu kwenye nyumba yenye kivuli. Akifika mlangoni, enzi za fomu za karatasi watu wa nyumba walipewa namba, kadi zikavutwa, na ikimwangukia bibi aliyelala uani basi ni bibi, hata kama mjukuu ndiye msemaji zaidi. Ndiyo maana watu 2,400 wakiulizwa namna hiyo, jibu huweza kukaribia la nchi nzima kwa tofauti ya asilimia mbili hivi, juu au chini.

Kwenye simu ya yule kijana hakuna aliyeangukiwa na kura. Walijileta wenyewe, na mwenye hasira hujileta kwanza. Wavuvi wa Deep Sea waliokesha baharini hawakubonyeza, wala jirani yangu mwenye simu ya tochi.

Wingi nao hautibu kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa wingi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki, na waliojibu ni waliotaka kujibu.

Linaloniuma zaidi ni la kwetu. Mara ngapi nimesikia mtu anasema mwaka 1991 tulipiga kura ya maoni ya vyama vingi, wengi tukakataa, na kura yetu ikapinduliwa? Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kukusanya maoni. Waliojitokeza walisema, na takriban asilimia 80 kati yao walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikaangalia hoja pamoja na hesabu, ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Unaweza kuubishia uamuzi huo, wengine wanaubishia mpaka leo. Lakini hakuna kura iliyopinduliwa, kwa sababu haikupigwa. Wala haukuwa utafiti wa maoni, kwani aliyekaa kimya shambani Handeni hakutafutwa kwa kura aulizwe. Tukiliita jambo hilo kura, tunawalaumu watu kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akauliza, "Sasa babu, hii ya kwetu niiite nini?" Nikamwambia aandike tu "waliobonyeza wamesema hawataki", na aweke idadi yao. Akafuta "kura ya maoni" nami naona, akaandika, akanigeuzia simu nisome kabla hajatuma.