Uzi wa Nguo Yako Umetoka Wapi?

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la nguo, ushike kwa kibanio cha chuma, kisha uusogeze kwenye moto wa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu mepesi yanayopukutika; uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuganda kuwa kijidonge kigumu cheusi. Kijidonge hicho ni plastiki iliyotokana na mafuta ghafi, na zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani leo ni za aina hiyo.

Nguo ya poliesta haiozi kama ya pamba, na kila inapofuliwa hutoa vipande vidogo mno vya nyuzi ambavyo hufuata maji machafu hadi mitoni na baharini. Kigumu zaidi ni kitambaa cha mchanganyiko, ambamo pamba na poliesta zimesokotwa katika uzi mmoja, kwa kuwa kuzitenganisha ni kazi ya gharama kubwa. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kukadiriwa kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurudi kuwa nguo mpya. Mzigo huo hutufikia ndani ya belo la mitumba. Mfanyabiashara hulinunua likiwa limefungwa, na akilifungua akakuta nguo zenye madoa au zilizotoboka, hasara ni yake na taka ni za mji wake.

Pamba nayo ina gharama yake. Inakadiriwa kuwa fulana moja huhitaji takribani lita 2,700 za maji, lakini ni lazima tuulize maji hayo yanatoka wapi. Huko Asia ya Kati, maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya Bahari ya Aral ikakauka. Mkulima wa pamba wa Meatu au Bariadi, mkoani Simiyu hapa Tanzania, hulima kwa mvua. Kwake mambo mazito ni viuatilifu na rutuba ya udongo. Linalonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania husafirishwa nje mara baada ya kuchambuliwa, yaani kutenganishwa na mbegu, nasi tukaja kununua nguo zilizoshonwa kwingine. Viwanda vya kusokota na kufuma vinavyofufuliwa vijengewe mitambo ya kusafisha majitaka ya rangi tangu mwanzo.

Kwa mnunuzi, kipimo cha kwanza ni muda ambao nguo itatumika. Igeuze, soma lebo, vuta mshono kidogo. Bibi zetu walijua hesabu hii: kanga ya pamba ilianza kuvaliwa harusini, ikipauka ikawa ya jikoni, baadaye mbeleko, na mwisho dekio. Baadhi ya kanga zinazouzwa sasa ni za poliesta, na hizo hata zikifanywa dekio hazinyonyi maji vizuri.