Epoksi haikauki, na hadina haiongezwi kwa kukisia

Juzi kijana mmoja kaniletea boti yake hapa Nungwi, kiraka cha faiba kimebanduka chote kama gamba. Namuuliza hadina, ile dawa ya kuigandisha epoksi, alitia kiasi gani. "Nilizidisha kidogo, fundi, ili ishike kabla maji hayajajaa." Neno hilo nimechoka kulisikia.

Epoksi haikauki. Rangi hukauka, nguo hukauka. Kwenye epoksi rezini, yaani gundi yenyewe, na hadina hushikana mkono kwa mkono mpaka zikawa wavu mmoja. Kopo likisema mbili kwa moja, basi kila mkono umeshahesabiwa mwenzake. Hadina ya ziada hukosa wa kumshika, ikabaki humo ndani ikilainisha kiraka na kuyafungulia maji njia. Unayetaka haraka, nunua hadina ya haraka.

Kinachowachanganya watu ni poliesta, rezini nyingine ya faiba. Kule dawa ni kichocheo tu, asilimia 1 hadi 2, na ukiongeza kweli inashika upesi. Lakini inapata moto, inasinyaa, inatoka ngumu na inakatika kama kigae. Mtu anaigonga kwa ukucha, inalia, anaridhika! Kioo nacho ni kigumu. Ubavu unaopigwa na mawimbi ya kusi kutwa nzima unataka kitu kinachonyumbuka kidogo, ufa ukianza usipate pa kutembea. Ugumu na uvumilivu ni vitu viwili, na mimi chombo nakipimia uvumilivu.

Masika epoksi hutoa utando wa utelezi juu. Usugue kwa maji matamu na brashi kabla ya msasa, la sivyo tabaka la pili litashika utelezi.

Joto ndilo linalonipa shaka. Epoksi iliyoshikia kivulini hulegea jua likiwa kali, kwa hiyo ikishashika naifunika turubai jeusi juani, nayo huhimili joto zaidi. Kwamba huvumilia vishindo zaidi, hapo nasita. Baadhi ya viraka vyangu vilizidi ugumu tu.

Na hayo maji yanayowakimbiza: pandisha chombo bamvua, yale maji makubwa, likiwa kileleni. Maji mafu, yale madogo, yanayofuata hayakifikii, na mpaka bamvua jingine ni karibu wiki mbili. Epoksi inataka kama siku 7.