Tutajuaje kama mshiriki anapata nafuu? Maswali na majibu kuhusu kupima ustawi wa akili katika vikundi vya msaada

Katika mitaa mingi ya Nairobi, kuanzia Kayole na Mathare hadi Kibera na Dagoretti, kuna vikundi vinavyokutana kila wiki katika kumbi za kanisa, vituo vya afya na vyumba vya shule ili watu wanaobeba huzuni, wasiwasi au majeraha ya dhuluma wapate msaada. Majibu yaliyo hapa yamekusudiwa wawezeshaji wa vikundi hivyo, na vilevile washiriki wanaotaka kujua kwa nini wanaulizwa maswali yale yale kila baada ya wiki kadhaa.

Kwa nini tupime, ilhali tunawaona washiriki kila wiki na tunawajua?

Kwa sababu jicho humwona zaidi anayezungumza. Mshiriki aliyelia mbele ya wenzake hukumbukwa, na akitabasamu wiki inayofuata sote tunaliona badiliko hilo. Lakini yule aliyekaa karibu na mlango, anayekuja kwa wakati na kuondoka kimya, anaweza kuzidiwa wiki nne mfululizo bila mtu kutambua. Tena, sisi tumezoea kujibu salamu kwa heri. Mtu ambaye hajalala siku tatu akiulizwa habari yake atasema yuko salama, anamshukuru Mungu, na hasemi uongo. Anatimiza adabu ya salamu. Dodoso, yaani orodha ya maswali yenye majibu yanayopewa alama, linampa nafasi ya kusema jambo ambalo salamu hairuhusu.

Kipimo ni cha mshiriki kwanza. Ripoti ya mfadhili inaweza kutokana nacho, lakini kama hakuna mtu atakayesoma majibu na kuchukua hatua, ni afadhali maswali yasiulizwe kabisa.

Je, alama za dodoso zinatosha kusema mtu ana ugonjwa fulani?

Hazitoshi. Dodoso huonyesha uzito wa dalili kwa wakati ule na huashiria nani anahitaji kuchunguzwa zaidi. Utambuzi wa ugonjwa ni kazi ya mhudumu wa afya aliyesomea jambo hilo, baada ya mazungumzo na uchunguzi.

Tutumie dodoso lipi?

Inategemea kile ambacho mpango wenu unakusudia kubadilisha. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, hupima dalili za sonona, yaani ile huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu hamu ya maisha. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita; kila jibu hupewa alama 0 hadi 3 kulingana na siku ambazo dalili ilimsumbua mtu, na jumla huwa kati ya 0 na 27. Kwa kawaida, alama 5 huchukuliwa kuwa mwanzo wa dalili nyepesi, 10 dalili za wastani, 15 nzito kiasi, na 20 nzito sana. GAD-7, ya mwaka 2006, hufuata utaratibu uleule kwa upande wa wasiwasi, ikiwa na maswali saba na jumla isiyozidi 21. SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali ishirini ya ndiyo au hapana, nayo huwafaa watu wanaotatizwa na kupima siku kwa viwango vinne.

Hata hivyo, madodoso hayo yote huuliza kuhusu taabu. WHO-5, dodoso fupi la maswali matano, huuliza kuhusu uzima: je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu, umetulia, umekuwa na nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, na siku zako zimekuwa na mambo yanayokuvutia? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 5, kisha jumla huzidishwa kwa 4 ili alama ya juu kabisa iwe 100. Alama iliyo chini ya 50 ni sababu ya kumchunguza mtu zaidi. Kwa kikundi kinachoanza, mimi hupendekeza WHO-5 pamoja na PHQ-9, kwa kuwa mtu anaweza kupungukiwa na dalili bila bado kupata raha, na tofauti hiyo inafaa kuonekana.

Kuna pia njia ya kumwachia mshiriki ataje tatizo lake mwenyewe. Katika dodoso liitwalo PSYCHLOPS, mshiriki husema ni jambo gani linalomsumbua zaidi na ni kazi gani ambayo jambo hilo limeifanya kuwa ngumu, kisha hupima uzito wake. Baada ya vikao huulizwa kuhusu jambo lilelile. Mama aliyesema kwamba ameshindwa kufungua kibanda chake cha mboga ataulizwa kuhusu kibanda, na jibu lake litaeleweka hata na mtu asiyejua lolote kuhusu alama.

Vipimo vya namna hii si vigeni Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 wa jiji hili, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Baadhi yao walipewa vikao vitano vya mpango wa Problem Management Plus wa Shirika la Afya Duniani, vikiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii ambao si wataalamu wa saikolojia. Walipopimwa tena miezi mitatu baadaye, waliopata vikao hivyo walikuwa wamepungukiwa na taabu ya akili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hilo lilijulikana kwa sababu walipimwa kabla, na walipimwa baada.

Maswali yasomwe kwa Kiswahili kipi?

Kwa Kiswahili ambacho mshiriki anakielewa bila kufasiriwa mara ya pili. Tafsiri ya neno kwa neno huharibu kipimo kimyakimya. Nimewahi kukuta dodoso lililouliza kama mtu amekuwa “akihisi chini”. Washiriki walitazamana, na mmoja akajibu kwamba yeye hulala kitandani, si chini. Swali hilohilo likiulizwa kama mtu amekuwa na moyo mzito au amekosa matumaini, hakuna anayehitaji maelezo. Nchini Zimbabwe, mpango wa msaada wa akili uitwao Friendship Bench ulitumia dodoso la maswali kumi na manne lililojengwa juu ya lugha ya Kishona, lenye wazo la kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wazo hilo tunalo pia: mtu wa Nairobi husema “nina mawazo mengi” muda mrefu kabla hajasema ana huzuni.

Tumieni tafsiri iliyokwisha kujaribiwa nchini Kenya ikiwa ipo. Mkilazimika kutafsiri wenyewe, mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeliona dodoso la awali airudishe tafsiri hiyo katika lugha ya dodoso hilo, kisha mlinganishe. Baada ya hapo wasomeeni watu wachache wa mtaa uleule na muwaulize kila swali wamelielewaje. Maneno yakishakubalika yasibadilishwe katikati ya mpango, la sivyo mtakuwa mmepima vitu viwili tofauti.

Lipo jambo jingine ambalo tafsiri peke yake haiwezi kulitatua. PHQ-9 huuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na uchovu. Anayeishi katika nyumba ya mabati iliyo ubavuni mwa baa atalala vibaya hata moyo wake ukiwa mweupe. Anayetembea alfajiri kutoka Mukuru hadi Eneo la Viwanda kutafuta kibarua atachoka. Na asiyekuwa na unga hatakula. Swali lisibadilishwe, bali jibu lipewe alama kama lilivyotolewa, na maelezo ya mshiriki yaandikwe pembeni, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yatakayomwambia mwezeshaji kama mtu huyu anahitaji ushauri nasaha zaidi au anahitaji kwanza kuunganishwa na msaada wa chakula.

Tupime lini, na nani aulize?

Pimeni kabla ya kikao cha kwanza, katikati, mwishoni, na tena miezi mitatu au zaidi baada ya vikao kuisha. Maswali yasomwe faraghani, na ikiwezekana yasomwe na mtu ambaye si mwezeshaji wa kikundi hicho, kwa maana ni vigumu kumwambia mtu aliyekusaidia kwa wiki nane kwamba bado hulali. Kusikika ni tatizo katika kumbi zetu, ambako pazia ndilo ukuta. Hapo mshiriki anaweza kuonyesha jibu kwa kidole kwenye kadi badala ya kulitamka.

Alama zikibadilika kiasi gani ndipo tuseme mshiriki amepata nafuu?

Kwa PHQ-9, kushuka kwa alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa badiliko la maana, na kwa WHO-5 ni kupanda kwa alama 10 katika zile 100. Badiliko dogo kuliko hilo linaweza kutokana na siku nzuri au mbaya tu.

Jihadharini na wastani. Tuchukulie kikundi cha watu 10 ambacho wastani wake wa PHQ-9 umeshuka kutoka 14 hadi 9. Ni habari njema, nayo itaandikwa kwenye ripoti. Lakini ndani ya wastani huo mtu mmoja ametoka 18 akafika 20, na mwingine ametoka 12 akafika 15. Wanane waliobaki wameshuka vya kutosha kuwafunika hao wawili wasionekane. Ripoti iliyo na wastani peke yake inawasahau watu wawili ambao kipimo kilifanywa kwa ajili yao hasa. Someni alama za mshiriki mmoja mmoja kabla ya kujumlisha.

Walioacha kuja pia wahesabiwe. Kama walianza watu 14 na wakamaliza watu 10, semeni hivyo waziwazi, na mwangalie alama za mwanzo za wale wanne walioondoka. Mara nyingine wanaoondoka ndio waliokuwa wamelemewa zaidi, na kikundi huonekana kimepona kwa kuwa wagonjwa wake hawapo tena.

Alama za taabu zikishuka, je, ni mpango wetu uliosaidia?

Huenda, lakini si lazima. Watu hujiunga na kikundi wakati hali yao imefika pabaya zaidi, na baadhi yao wangepata nafuu hata bila kikundi. Majira nayo yana nguvu: Januari ya karo za shule hailingani na Agosti. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaacha watu wengi wa Mathare na Mukuru bila makao, na kikundi kilichopimwa wakati huo kingeweza kuonekana kimeshindwa ilhali ndicho kilichokuwa kikiwashikilia watu wasianguke. Andikeni matukio ya mtaa kando ya tarehe ya kila kipimo. Mkiwa na orodha ya wanaosubiri nafasi, wapimeni nao kwa wakati uleule, ili muwe na watu wa kulinganisha.

Mshiriki akijibu kwamba amewaza kujiua, tufanye nini?

Swali la tisa la PHQ-9 huuliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au amewaza kujidhuru. Jibu lolote lisilo 0 linahitaji mazungumzo siku hiyohiyo, kabla mshiriki hajatoka ukumbini, hata kama jumla ya alama zake ni ndogo. Kwa hiyo madodoso husomwa papo hapo. Hayapelekwi ofisini yakasubiri kujumlishwa Ijumaa. Katika mpango mmoja niliowahi kuusaidia, karatasi zilikaa siku tisa ndani ya bahasha, na mmoja wa washiriki alikuwa amejibu swali hilo kwa alama 3. Tulimfikia akiwa hai. Tangu siku hiyo sikubali swali hilo liulizwe mahali ambapo hakuna mtu aliyepangwa kushughulikia jibu lake.

Muulizeni kwa utulivu na kwa maneno ya wazi kama ana mpango, kama ana kitu cha kutumia, na kama amewahi kujaribu. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa na mpango asiachwe peke yake. Ndugu au rafiki anayemwamini aitwe kwa ridhaa yake, dawa za panya na za wadudu ziondolewe nyumbani, naye asindikizwe hadi hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura, au Hospitali ya Mathari iliyo kando ya barabara ya Thika. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo.

Washiriki wengine huficha jibu kwa kuogopa polisi. Waelezeni kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Nani aruhusiwe kuona majibu?

Wale tu wanaomhudumia mshiriki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo tumieni namba badala ya majina, fungieni karatasi, na msipige picha za madodoso na kuzituma katika kundi la WhatsApp la wawezeshaji.

Je, mshiriki aonyeshwe alama zake?

Ndiyo, na aonyeshwe akiwa ameketi na mtu, si kwa ujumbe wa simu. Mchoreeni mstari wa vipimo vyake vyote, kisha muulizeni kama mstari huo unafanana na miezi aliyoiishi. Akisema haufanani, kwamba alama zimeshuka lakini bado anaamka saa tisa usiku na kuwaza hadi adhana ya alfajiri, andikeni maneno yake chini ya mstari huo, na kikao kinachofuata kianzie hapo.