Kichangamsha ubongo cha nyumbani ni kitu gani?

Ni kifaa cha kuvaa kichwani kinachopitisha umeme hafifu kwenye ngozi ya kichwa, kwa nia ya kubadilisha hali ya moyo: kutuliza wasiwasi, kupunguza sonona, au kumchangamsha mtu aliyezubaa. Hutumika nyumbani, na mara nyingi huendeshwa kwa programu ya simu.

Ukitaja umeme na ubongo kwa pamoja, wengi hufikiria shoti. Sivyo. Matibabu ya mshtuko wa umeme hospitalini, ambayo mgonjwa hulazwa kwanza kwa dawa ya usingizi, hutumia miliampea (kipimo cha mkondo wa umeme) zipatazo 800. Vingi vya vifaa hivi hutumia 1 au 2 tu, na umeme wake ni wa kwenda upande mmoja kama wa betri. Kuna watu wamejiundia vyao kwa betri ya volti 9, ile ya mstatili ambayo ukiigusa kwa ulimi unahisi mwasho. (Usijaribu.)

Umeme mdogo hivyo hauwezi kuiamrisha seli ya ubongo itoe ishara. Unachofanya ni kuisogeza karibu na kuitoa. Chukua mtu aliyekwisha vaa viatu, amesimama mlangoni: ukimgusa bega anatoka. Aliyelala kitandani utamgusa bure. Na hata huo mguso haufiki wote, maana sehemu kubwa ya umeme hupita juu kwa juu kwenye ngozi bila kuingia ndani ya fuvu.

Anayetumia hulowesha sponji mbili kwa maji ya chumvi, akazibana kwenye paji la uso, akakaa dakika 20 au 30. Huhisi kuwashwawashwa na joto kidogo. Akivua, ngozi imekuwa nyekundu. Sponji ikikauka, umeme hujikusanya mahali pamoja na ngozi inaweza kuungua.

Wazo lenyewe ni kongwe. Katika karne ya 1, tabibu wa Roma Scribonius Largus alitibu maumivu ya kichwa kwa kumwekea mgonjwa samaki wa umeme aliye hai. Biashara ndiyo mpya. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani, Thync, ilitoa kifaa cha dola 299 chenye chaguo mbili, utulivu na nguvu, kana kwamba moyo una swichi. Flow ya Sweden ilichukua njia nyingine: ilikipeleka kifaa chake Ulaya kama tiba ya sonona, si kiburudisho. Tofauti hiyo ndiyo ya kuangalia kabla ya kutoa hela, kwa sababu anayedai kutibu hudaiwa ushahidi.

Ushahidi wenyewe unagongana. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2023 uliwachukua wagonjwa waliokuwa tayari kwenye dawa za sonona, ukawaongezea umeme huu kwa wiki 6. Hawakupata nafuu kuwazidi waliowekewa umeme bandia, yaani kifaa kinachofanana na halisi lakini kisichopitisha umeme wa tiba. Mwaka uliofuata ukatoka wa Uingereza na Marekani, watu 174 wakijitibu nyumbani kwa wiki 10 kwa kifaa cha Flow, na kampuni hiyo ndiyo iliyoulipia. Kati ya kila 100 waliopata umeme halisi, 45 hivi walihesabiwa kuwa wametoka kwenye sonona. Waliopata bandia, 22 hivi. Lakini wengi wa kundi la kwanza walibashiri kwa usahihi kwamba chao ni halisi, na anayejua anatibiwa anaweza kuanza kupona kwa kujua tu.

Mimi nimebaki nikiwafikiria hao 22. Kifaa chao hakikuwa na kazi yoyote. Ila kwa wiki 10 walitenga nusu saa, wakaketi bila haraka, na kila baada ya muda mtafiti alitokea kwenye video kuwauliza wanaendeleaje.